Sifuri za Kituo cha Tano

Kituo cha Tano,
Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Uliniambia niandike nikifika. Nimefika siku kumi na moja zilizopita, ila hapa kufika ni jambo moja na kupata wa kumpa barua ni jambo jingine. Mtandao hakuna, simu yangu siku hizi ni saa ya mezani. Lori la mradi linakuja mara moja kila wiki mbili. Linaleta unga, sabuni, mafuta ya taa, na dereva mwenye maneno sita. Nimeyahesabu: "Haya," "Shusha," "Pokea," "Sahihi hapa," "Nimechelewa," "Kwaheri."

Chumba changu ni hatua nne kwa tatu, kuta za bati, na kitanda cha waya kinachozungumza kuliko dereva. Nje kuna tangi juu ya nguzo, paneli nane za sola zilizoinua nyuso kama watu wanaosubiri kupigwa picha, na mabirika manne ya saruji ya kunyweshea mifugo. Ufunguo wa koki kuu nauvaa shingoni. Maji yenyewe ni matamu, hayana chumvi hata kidogo. Nyasi zinafika magotini, kila upande, mpaka macho yanachoka kuziangalia. Kitu kimoja tu hakipo, nacho ndicho tulichochimbiwa kisima: mifugo.

Fomu uliyonipa ina safu za ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na ngamia, halafu pembeni imeandikwa "wengineo". Kila jioni nakaa nayo naandika sifuri tano. Jana kwenye wengineo nilitaka kuandika kunguru mmoja, kwa sababu alikunywa kweli, tena bila kugombana na mtu. Nikakumbuka ulivyoniambia nisilete mzaha kazini.

Najua ulivyozunguka kuniombea kazi hii kwa Mratibu, wewe karani usiyejiombea hata likizo. Kwa hiyo nakuandikia ukweli: tangu nifike sijaona mtu isipokuwa dereva, na dereva sina hakika naye. Kuna saa za mchana najisikia nikiuliza jambo kwa sauti, kisha nanyamaza nisubiri jibu, kama tulivyolelewa.

Nakutumia fomu ya Februari. Usicheke.

Mdogo wako,
Robo


Mjini,
Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana siku hizi hata kula nala nimesimama. Tangu mama aondoke, meza naona ni kubwa mno kwa sahani moja.

Sasa nisikilize vizuri. Mradi una vituo vitano, na kila mwezi fomu zote zinapita mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayezichapa na kumpelekea Mratibu jedwali moja. Yeye haangalii jina la kituo wala la mtu, anaangalia namba. Kituo kisicho na wanyama miezi mitatu mfululizo kinafungwa, mashine zinahamishwa, na mhudumu anarudi kwao. Hapo kwao ni kwangu, na chumba changu unakijua.

Naomba nikuulize bila kukukosea. Unaamka saa ngapi? Wafugaji ni watu wa alfajiri. Inawezekana wanakuja, wananywesha, wanaondoka, wewe bado unazungumza na kitanda? Sisemi ndivyo. Nasema nakujua. Jina la Robo hukupewa na mchungaji wa kanisa wala imamu. Ulipewa na mtaa mzima, kwa sababu kila kazi uliifanya robo mwaka. Kinyozi, robo. Mlinzi wa ghala, robo. Kwa yule muuza matairi hata robo haikutimia. Na hata shuleni, hesabu zako ni nani aliyekuwa akizimalizia usiku ukilala? Mwalimu alikusifu kwa mwandiko wangu.

Watu wa mradi walipopita huko kuuliza maoni, wafugaji walisema wenyewe wanataka maji pale pale. Nilichapa ripoti hiyo kwa vidole hivi. Sasa watakosaje kuja?

Fungua macho. Fomu ya Machi itume hata ikiwa mbaya, nitaona la kufanya.

Kula. Unga peke yake si chakula.

Dada yako


Kituo cha Tano,
Tarehe 7 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Nimekuwa nikiamka saa hiyo wiki mbili nzima ili nikujibu hivyo kwa moyo mkunjufu. Sifuri za alfajiri ni zile zile za mchana, ila zina baridi.

Lakini nina habari. Nimepata mgeni!

Alikuja Jumatano, kwa miguu, mtu wa makamo, na kikohozi kilichotangulia mbele yake kama mbwa. Hakunisalimia kwanza. Aliinama, akashika shungi la nyasi, akalipima kwa ngumi, akatafuna jani moja, akatema. Akasogea hatua hamsini, akafanya tena. Nikamwita Mpima Nyasi kimoyomoyo, na mpaka sasa sijui jina lake jingine. Alipofika kwangu nikamkaribisha maji, dada, kwa furaha ya mtu ambaye hajamkaribisha mtu mwezi mzima. Akakataa. Akatoa chupa yake kibindoni, akanywa maji yenye rangi ya chai.

Nikamwambia, "Kaka, haya ni safi, na ni ya bure."

Akasema, "Najua. Ndiyo maana siyagusi."

"Mbona hamleti mifugo? Mimi nimekaa hapa kama bibi harusi aliyeachwa."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Halafu akanieleza, na mimi nakueleza wewe ili umweleze Mratibu. Nyanda hizi, dada, ni akiba. Wafugaji wote wa upande ule wamekubaliana, tangu enzi za babu zao, kwamba mvua ikiwapo hakuna anayelisha hapa. Wanakwenda kwenye nyasi za muda, zile zinazokauka upesi. Huku wanapaacha mpaka huko kote kuishe, ndipo wanahamia. Anayeingiza hata mbuzi mmoja kabla ya wakati anatengwa na wenzake. Shida yao ya siku zote ilikuwa moja: wakifika huku wakati wa kiangazi nyasi zipo, maji hakuna. Kwa hiyo walipoulizwa "Mnataka maji hapa?" wakasema ndiyo kwa mikono miwili. Hakuna aliyewauliza "Lini?"

"Akiba haiozi," akaniambia. "Sasa tukila akiba siku za shibe, siku za njaa tutakula nini? Hizo karatasi zako?"

Yeye kazi yake ni kuja kuangalia nyasi na kurudisha habari. Alikuja kuhakikisha kuwa kisima hakijamtamanisha mtu. Alipoona mabirika yamekauka na hakuna hata kinyesi, alinishika mkono, akautikisa, akaniambia, "Wewe unafanya kazi nzuri sana."

Sijawahi kuambiwa hivyo, dada. Niligeuka nione kama kuna mtu nyuma yangu.

Kwa hiyo sifuri zangu si uvivu. Sifuri ndiyo kazi yenyewe. Nimeyaandika haya yote nyuma ya fomu ya Machi, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu safari hii. Mpe Mratibu ayasome.

Robo


Mjini,
Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Fomu nimeipata, na maelezo yako nimeyaweka mahali pake. Mratibu ana furaha na kituo chako, usiwe na wasiwasi. Juzi kwenye kikao alikitaja kwa kinywa chake.

Jambo dogo tu. Usiandike tena nyuma ya fomu. Zinapigwa picha, na wino unapenya upande wa pili. Na ili kukupunguzia usumbufu, wewe tia sahihi tu chini, safu ziache tupu, mimi nitajaza huku kwenye kompyuta. Nikuletee sifa za Mratibu nawe uniletee fomu za wino uliochuruzika? Fanya kama nilivyosema.

Huku ni kama kawaida. Amekuja mtaalamu mpya wa malisho, kijana mpole mwenye kikokotoo. Tangu afike hajatoka nje hata kununua karanga. Ananiita "Mama Karani". Miaka kumi na minne nimekaa kwenye kiti kile na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita mama. Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo.

Jumapili nilifua shuka mbili ambazo hazikuwa chafu. Fundi cherehani wa chumba cha tatu akaniuliza kama nina mgeni. Nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Unakula?

Dada yako


Kituo cha Tano,
Tarehe 12 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Fomu ya Aprili hii hapa, na ya Mei pia nimeitia sahihi kabisa ili usihangaike: tupu kama ulivyoagiza. Maisha ya afisa ni haya. Nikipandishwa cheo tena, nitaacha hata kutia sahihi.

Nyasi sasa zinanifika kiunoni. Mpima Nyasi alirudi wiki iliyopita, akatembea humo siku nzima. Kila alipoinama nilikiona kichwa chake tu kikielea kama embe mtoni. Jioni tulikula pamoja. Ni msemaji akishazoea. Aliniuliza kama nina mke, nikasema sina. Watoto? Sina. Ng'ombe? Sina. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniuliza, "Sasa nani anakuita jina lako?" Nikamwambia kuhusu wewe.

Sasa mambo yameanza kusogea. Nyasi za kule waliko zimeanza kugeuka rangi. Wamekubaliana kuanza kuhama tarehe ishirini Juni, vijiji kumi na kimoja, na kila mwenye mnyama. Ni mwendo wa siku tisa, na siku nne za mwisho hakuna tone. Miaka mingine huwa wanapitia mbali, njia ya mto, siku kumi na tano, na ng'ombe wengi wanabaki njiani. Mwaka huu watakata moja kwa moja kwa sababu maji yapo. Alikuja kuniuliza neno hilo hilo: "Maji yatakuwapo?" Nikampeleka mpaka kwenye koki, nikafungua, nikamwacha asikilize yakitoka, nikafunga. Nikamwambia yatakuwapo. Ameondoka na neno langu. Sasa hivi yuko mbali, na hakuna namna ya kumpata tena mpaka waje.

Dada, hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo haikuniuliza nimemaliza lini. Imeniuliza kama nitakuwapo. Robo mwaka inakaribia kutimia na sijaiona ilikopitia.

Upweke upo, sikudanganyi. Kuna siku nanyoa ndevu kisha nakaa nje, kama mtu mwenye miadi. Lakini nikikumbuka kwamba ulipokea sifuri zangu, ukampelekea mkubwa wako vile vile zilivyo, ukanisimamia, naona si haba. Asante kwa kuniamini. Sikutegemea.

Robo


OFISI YA MRADI WA MAJI NA MALISHO
Kumb. Na. MM/K5/30
Tarehe 30 Mei

Kwa: Mhudumu, Kituo cha Tano

YAH: PONGEZI, NA KUHAMISHWA KWA PAMPU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi inakupongeza kwa kuhudumia jumla ya mifugo 11,460 katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, idadi inayozidi ya vituo vingine vyote.

Aidha, kutokana na takwimu hizo, mtaalamu wa malisho amekokotoa kuwa nyasi za eneo lako zimeliwa kupita kiasi na hazitastahimili kiangazi. Kwa hiyo imeamuliwa kituo kifungwe ili ardhi ipumzike. Fundi atafika tarehe 25 Juni kung'oa pampu na paneli. Unaelekezwa kumpa ushirikiano na kumkabidhi ufunguo.

Nakutakia kazi njema.

Mratibu


Kituo cha Tano,
Tarehe 9 Juni

Dada,

Dereva anashusha mapipa. Nina nusu saa.

Hii barua ya ofisi nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nikacheka, nikasema wamekosea kituo. Mara ya pili nikatoka nje nikaangalia, dada, kama mwendawazimu, nikaangalia kama kuna ng'ombe elfu kumi na moja ambao sikuwaona. Mara ya tatu nikakumbuka fomu tupu. Mara ya nne sikuisoma, niliishika tu.

Walikunywa wapi hao ng'ombe? Nionyeshe kwato hata moja.

Nyasi ambazo zimeliwa kupita kiasi zinanipita kifuani. Kama ungepeleka sifuri, huyo mwenye kikokotoo angejua kwamba ardhi imepumzika. Tangu lini ardhi ikapumzika zaidi ya hivi?

Watatoka tarehe ishirini. Fundi atang'oa pampu tarehe ishirini na tano, wao wakiwa katikati ya njia isiyo na maji. Watafika ishirini na tisa wakute matundu ya bolti. Tangi likijaa ni la kunywesha nusu siku. Na hawawezi kurudi walikotoka, siku tisa nyingine. Nimewapa neno langu, na neno langu wewe umelichapa upya.

Nenda kwa Mratibu. Mwambie.

Nilikushukuru kwa kuniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka naona aibu. Najua ulivyolisoma ukanyamaza.

Dereva anapiga honi.

Robo


Mjini,
Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Sina haki ya kukwambia marahaba.

Nilianza na Machi. Nilipoona zile sifuri na zile kurasa mbili nyuma, nikasema huyu anatunga. Nisamehe. Niliona ni maneno yale yale ya tairi na ya ghala, ila sasa yamepambwa kwa mtu mwenye kikohozi. Nikaandika 3,200. Nikaona ni namba ya watu wazima, haivutii macho. Aprili nikaongeza kidogo, kwa sababu namba isiyopanda wanaiuliza. Mei nikaongeza tena. Nilikuwa nakumalizia hesabu, kama zamani, wewe umelala.

Kurasa zako mbili zipo kwenye droo yangu ya chini, chini ya khanga. Leo nimezitoa nikazisoma kama barua ya mtu nisiyemjua. Huyo mtu anaeleza vizuri. Huyo mtu nilipaswa kumwamini.

Sasa unaniambia nikaseme. Unajua maana yake? Nimebakiza miaka mitano nistaafu. Nikisema natoka hivi hivi, na barua nyekundu. Nilikaa leo ofisini nikifikiria njia nyingine. Umwambie fundi ufunguo umepotea. Uziharibu nati. Umdanganye na wewe. Nikafikiri: tazama, hata kutoka kwenye uongo natafuta mlango wa uongo. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake bado nauliza njia.

Kesho nitafikiri zaidi.

Tarehe 13. Naendelea.

Nimesema.

Niliingia na kurasa zako mkononi. Mratibu alikuwa na mtaalamu. Nikasema, "Mkuu, ng'ombe wa Kituo cha Tano ni wangu."

Akasema, "Hongera, Mama Karani. Umenunua lini?"

"Sikununua. Nimewatunga."

Akacheka. Mtaalamu naye akacheka kwa heshima. Kisha nikaziweka zile fomu tatu mezani, ya Machi yenye sifuri zako na mbili zenye sahihi yako na safu tupu, mmoja akaacha kucheka, halafu wa pili. Mtaalamu akaangalia kikokotoo chake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Nilisoma kurasa zako zote mbili kwa sauti. Nilirudia mara mbili palipoandikwa "Hakuna aliyewauliza lini," kwa sababu ripoti ile niliichapa mimi, na mimi pia sikuuliza.

Mratibu alifikiri muda mrefu. Hakufikiria ng'ombe, mdogo wangu, alifikiria wafadhili. Akaunda kamati ya uchunguzi. Na hapa ndipo Mungu anapoonyesha kuwa anaijua ofisi: kwa mujibu wa kanuni, kila kitu cha Kituo cha Tano sasa ni kielelezo. Pampu ni kielelezo. Paneli ni vielelezo. Hakiguswi kitu wala hakihamishwi mpaka kamati iketi, na kamati ina wajumbe watatu ambao hawajawahi kukubaliana hata saa ya chai. Safari ya fundi imefutwa. Niliona barua ya kufuta, niliichapa mwenyewe. Ndiyo ya mwisho niliyochapa.

Kwa hiyo fungua koki. Kanuni zinasema kielelezo kisihamishwe; hazisemi kisinywewe.

Mimi nimeambiwa nikabidhi kiti. Kodi ya chumba imelipwa mpaka mwisho wa Julai.

Niandikie wakifika. Neno moja linatosha.

Dada yako


Mjini,
Tarehe 24 Julai

Mdogo wangu,

Sijui kama utaipata hii. Lori nalo limesimamishwa, nalo ni sehemu ya uchunguzi. Kila Jumatatu ninakwenda kwenye yadi ya magari, nasimama getini. Dereva wako amepata neno la saba: ananiambia, "Bado, mama."

Sijui kama walifika. Sijui kama barua yangu ilikufikia, maana lile lori la Juni ndilo lililokuwa la mwisho, nalo lilirudi bila jibu lako. Inawezekana fundi mwingine alikuja kwa barua ya zamani. Inawezekana ulimpa ufunguo. Nalala nawaona wamekaa kuzunguka matundu ya bolti, na wewe katikati yao huna la kusema.

Miaka kumi na minne nimechapa ng'ombe. Nikijumlisha ni mamilioni. Sijawahi kumsikia hata mmoja akinywa maji.

Niliuza meza. Aliyeinunua aliuliza mbona haina hata doa la sufuria.

Mwisho wa mwezi natoka hapa. Mama mwenye nyumba amepata mpangaji. Bado sijaamua ninakwenda wapi, kwa hiyo siwezi kukuachia anwani. Fundi cherehani wa chumba cha tatu atakuwa na habari zangu, nikiwa nazo.

Kama wamefika, usiniambie namba. Nimechoka na namba. Niambie ilikuwaje.

Dada


Kituo cha Tano,
Tarehe 2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Lori limekuja leo, la kwanza tangu lile la Juni lililoniletea maungamo yako, nami kwa hasira nikalirudisha bila jibu. Limeleta unga wenye wadudu na barua yako ya Julai. Nimeisoma nimesimama, kama wewe. Kisha nikaketi.

Walifika.

Walifika tarehe thelathini, siku moja baadaye kuliko walivyosema, kwa sababu walikuwa wamebeba ndama. Kwanza niliona vumbi, nikadhani ni moshi, nikakimbilia ndoo. Kisha nikasikia. Hawakuwa wanalia, dada. Ng'ombe mwenye kiu ya siku tano halii. Ni kwato tu, nyingi, zinaburuzwa. Wa mbele hawakuwa wanatembea, walikuwa wanaegemeana. Mpima Nyasi alikuwa mbele yao, hana sauti, hana hata kikohozi. Alinitazama usoni kabla ya kutazama mabirika. Alikuwa tayari amesoma uso wangu alipoyaona yamejaa.

Umesema hujawahi kuwasikia wakinywa. Hawafanyi makelele. Ni kama shuka nzito inayoburutwa polepole sakafuni, shuka nyingi pamoja, halafu pumzi. Vichwa vinazama mpaka machoni. Mwanamke mmoja mwenye mbuzi arobaini alikaa chini hapo hapo penye matope, akafumba macho, akasikiliza tu. Nami nikafumba. Ng'ombe kumi na wanne walikufa njiani. Miaka mingine, wanasema, wanahesabu walio hai.

Hukutaka namba, nami nyingine sikupi.

Kamati ilikuja katikati ya Agosti kwa gari lake lenyewe, wajumbe watatu, viatu vyeupe. Mmoja akaniuliza, "Hawa ni nini?" Nikasema ng'ombe. "Mbona hawamo kwenye taarifa?" Nikasema wale waliomo kwenye taarifa hawakuja. Wakaandika. Kisha wakaomba maji ya kunywa. Niliwapa kielelezo, wakanywa, wakaondoka bila kukubaliana. Nasikia watakutana tena mwakani.

Wafugaji waliniuliza ni nani aliyezuia pampu isichukuliwe. Nikawaambia, ni dada yangu, amefukuzwa kazi kwa ajili hiyo. Sikuwaambia lile la mwanzo. Najua unalo la kusema juu ya hilo, na siku moja utaniambia nami nitakusikiliza. Mpima Nyasi akauliza, "Ana ng'ombe?" Nikasema hana. "Ana ndugu huku?" Nikasema ni mimi tu. Akang'oa jani, akalitafuna. "Sasa alikuwa anamlinda nani?" Nikaenda kufungua koki, ingawa maji yalikuwa bado yapo.

Nilikuwa na hasira nawe mwezi mzima. Ilikuwa hasira nzuri, ilinikalia chumbani jioni kama mtu. Sasa imeondoka, na ndiyo sababu nyingine pamekuwa kimya.

Maana wameondoka, dada. Mvua imenyesha kwao wiki iliyopita, na mtu wa akiba hakai kwenye akiba saa moja zaidi ya haja. Jumanne walikuwapo watu kwa mamia, watoto wanarushiana matope, wanawake wananitania kwamba mchuzi wangu ungeua fisi. Jumatano asubuhi palikuwa na majivu na mavi. Nilizunguka mabirika yote nikiyasugua, na nilipomaliza nikayasugua tena. Nyasi zimekatwa chini kama ndevu. Zitaota. Mpaka mwakani hakutakuwa na mtu hapa ila mimi, nami nimemwambia Mpima Nyasi kwamba nitakuwapo.

Ofisini wameweka karani mpya. Nilimtumia barua ndefu kupitia kamati nikimwuliza uliko, amerudisha mhuri tu wa "Imepokelewa".

Sijui barua hii itakukuta wapi. Nimemwambia dereva aipeleke kwa fundi cherehani, chumba cha tatu, na kama fundi cherehani hajui, akae naye mpaka ajue. Amesema, "Haya." Nimemfanya aseme mara mbili.

Lori linarudi huku tarehe kumi na sita. Kiti cha mbele kina nafasi ya mtu mmoja na mfuko. Chumba ni kidogo, lakini nimeanza kuchimba msingi wa kingine ubavuni, na huu sitauacha robo. Kazi hakuna, mshahara hakuna, na wa kuzungumza naye ni mimi tu. Njia ni vumbi tupu siku nzima, na dereva hasimami popote.

Usibebe maji. Maji yapo.

Mdogo wako,
Robo